Sir George Kahama na Ujenzi wa Makao Makuu Dodoma

Clement George Kahama alizaliwa tarehe 30 Novemba 1929 magharibi ya Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Kagera. Ni nchi ya migomba na mibuni, na mji wake wa Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka. Alipokuwa na umri wa miaka 43 alikabidhiwa kazi ya kujenga makao makuu ya nchi Dodoma, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki hata theluthi moja ya hiyo. Kati ya kuzaliwa kwake na siku hiyo alikuwa amekwisha kuwa meneja wa ushirika, mbunge, waziri, balozi na mkuu wa shirika la viwanda. Alikuwa mtu wa kizazi cha kwanza cha viongozi wa Tanganyika huru, waliopewa ofisi kabla ofisi hizo hazijapata desturi, mafaili wala wataalamu wa kutosha. Kwa Dodoma, yeye ndiye Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wote waliiita CDA.

Safari yake katika kazi za umma ilianzia kwenye kahawa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima wa Bukoba walitafuta njia ya kuuza kahawa yao wenyewe bila kupunjwa na wachuuzi, na mwaka 1950 wakaunda chama kikuu cha ushirika kilichojulikana kwa kifupi kama BNCU. Kahama alikwenda Uingereza kusoma elimu ya ushirika katika chuo cha Loughborough, kisha akarudi kukitumikia chama hicho hadi akawa meneja wake mkuu. Kazi ya ushirika ilikuwa kupima magunia kwa haki, kuandika hesabu ambayo mkulima ataiamini, kukusanya mtaji kidogo kidogo na kulipa kwa wakati. Katika Tanganyika ya wakati huo, vyama vya ushirika vilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika aliweza kujifunza kuendesha taasisi kubwa yenye fedha nyingi na watu wengi.

TANU, chama kilichoongoza madai ya uhuru, ilipohitaji watu wa kusimama katika uchaguzi, iliwapata wengi huko huko kwenye ushirika. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, kwa utaratibu mgumu wa kura tatu: kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958 ulikubali kuingia katika uchaguzi huo pamoja na kasoro zake, na chama kikashinda. Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa na wananchi wakaingia serikalini kuwa mawaziri. Walikuwa Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson, Amir Jamal na George Kahama. Kahama alipewa maendeleo ya ushirika na ustawi wa jamii, kazi aliyoijua kwa mikono yake. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wizara hiyo ilibeba mambo mazito kwa nchi changa: polisi, magereza, uhamiaji, na swali la nani awe raia. Baadaye alihamishiwa Wizara ya Biashara na Viwanda, kisha akapelekwa kuwa balozi Ujerumani Magharibi. Jina la heshima la “Sir” lililomfuata maisha yake yote halikutoka kwa Malkia wa Uingereza, kama wengi walivyodhani. Ni heshima ya Kanisa Katoliki aliyotunukiwa na Papa.

Mwaka 1966 alirudi nyumbani kuongoza Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Muda mfupi baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Serikali ilichukua mabenki, viwanda vya kusaga nafaka na makampuni makubwa ya biashara, na ikajitwalia sehemu kubwa ya hisa katika viwanda vya bia, sigara, saruji na viatu. Hisa hizo ziliwekwa mikononi mwa NDC. Shirika lililokuwa likitafuta wawekezaji wa kuanzisha viwanda likajikuta ndilo mmiliki wa viwanda. Kulikuwa na mikataba ya uendeshaji ya kujadiliwa na makampuni yaliyokuwa wenye mali jana tu, vijana wa Kitanzania wa kuandaliwa kushika nafasi za umeneja, na hesabu za kampuni nyingi za kuunganisha. Kahama aliliongoza shirika hilo kwa miaka saba. Alipoitwa kwenda Dodoma, kulikuwa na Watanzania wachache sana waliokuwa wamesimamia miradi mingi kwa wakati mmoja kiasi hicho.

Wazo la kuhamisha makao makuu lilikuwa la zamani kuliko CDA. Dar es Salaam ilifanywa makao makuu na Wajerumani mwaka 1891, walipoihama Bagamoyo, na sababu yao ilikuwa bandari. Utawala uliotoka ng'ambo ulihitaji mlango wa bahari. Nchi iliyojitawala ilihitaji kitovu ambacho watu wa Mwanza, Mbeya, Mtwara na Arusha wangeweza kukifikia bila kwenda hadi ukingoni mwa nchi. Suala hilo lilizungumzwa bungeni miaka ya 1960 na likawekwa kando kwa sababu ya gharama. Mwaka 1972 likarudi kupitia TANU, na safari hii likapelekwa kwenye matawi ya chama nchi nzima. Matawi 1,859 yalipiga kura. Matawi 1,017 yalikubali kuhama, na matawi 842 yalikataa. Tarehe 1 Oktoba 1973 uamuzi ukatangazwa: makao makuu yatakuwa Dodoma, na kazi ya kuhama ikamilike ndani ya miaka kumi.

Kura hizo zinaonyesha kwamba uamuzi haukuwa mwepesi, hata ndani ya chama kilichoshika hatamu. Sababu za kuichagua Dodoma zilikuwa wazi. Mji uko karibu na katikati ya nchi. Reli ya Kati inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma inakutana hapo na barabara kuu inayotoka Arusha kupitia Kondoa kwenda Iringa. Uwanda una mwinuko wa mita zipatazo 1,100, hivyo usiku una ubaridi na hewa ni kavu. Tena Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa, na Rais, Mwalimu Nyerere, aliona kwamba kupeleka makao makuu huko ni kupeleka maendeleo mahali yalikohitajika. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya kuanzisha vijiji vya ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nchi aliyokabidhiwa Kahama haikuwa tupu. Ugogo ni nchi ya wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, wenye nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo, na wenye kumbukumbu ndefu ya njaa. Njaa ya Mtunya ya mwaka 1918 hadi 1920 iliua watu wengi mno, na wazee waliendelea kuhesabu umri wao kwa kuitaja. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwa miezi saba inayofuata mito hubaki mchanga mtupu. Jina lenyewe la mji, kwa simulizi ya wenyeji, linatokana na tembo aliyezama kwenye matope ya kijito cha Kikuyu, “idodomya”, yaani amedidimia. Wajerumani walipoifikisha reli hapo mwaka 1910 walianzisha kituo na boma. Zaidi ya nusu karne baadaye, sensa ya 1967 ilihesabu mjini watu 23,559 tu.

CDA iliundwa mwaka 1973, na Kahama akawa Mkurugenzi Mkuu wake. Upande wa siasa, Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliacha kiti cha Spika wa Bunge kwa muda na kuwa waziri mwenye dhamana ya ustawishaji wa makao makuu. Kazi ya kwanza ilikuwa kupata Mpango Kabambe, yaani ramani kuu ya kuonyesha mji utakuaje kwa miongo kadhaa. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na mpango ukakamilika mwaka 1976.

Mpango huo ulikataa kuiga miji mikuu ya fahari. Brasília, iliyofunguliwa mwaka 1960 katika uwanda wa ndani wa Brazil, ilijengwa kwa barabara pana na majumba makubwa yaliyosimama mbalimbali, na gari ndilo lililopewa njia. Dodoma ilikusudiwa kuwa kinyume chake. Nyumba zingekuwa fupi, barabara zingefuata mikunjo ya ardhi badala ya kuikata, na mtu wa kawaida angeweza kufika sokoni, shuleni na kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji vingeachwa bila kujengwa. Mitaa ingeanzia kwenye kundi dogo la nyumba, kwa mfano wa nyumba kumi za TANU, na makundi yangeungana kuwa jumuiya yenye shule, zahanati na duka, kila jumuiya ikitengwa na nyingine kwa ukanda wa miti na mashamba. Ulikuwa mji wa watu wasio na magari, uliochorwa kwa nchi ambayo wananchi wake hawakuwa na magari. Fikra hiyo bado inastahili kusomwa leo, wakati miji mingi ya Afrika imezidiwa na foleni.

Kuugeuza mchoro kuwa mji kulitaka kwanza ardhi. Hapa ndipo CDA ilipopewa uwezo usio wa kawaida. Eneo lote la makao makuu liliwekwa chini ya hati moja ya mamlaka hiyo kwa miaka 99, nayo ikawa ndiyo inayopima viwanja, kuweka bikoni, kuchora mitaa, kugawa na kutoza kodi ya ardhi. Mwananchi aliyepata kiwanja alipewa mkataba mdogo wa miaka 33 chini ya hati hiyo. Utaratibu huo ulikusudiwa kuzuia ulanguzi wa ardhi uliokwishaonekana katika miji mingine, na kuhakikisha kwamba faida ya kupanda kwa thamani ya ardhi inarudi kujenga mji. Kahama na maofisa wake waliweza kupanga maeneo makubwa kwa pamoja, jambo ambalo halmashauri za miji mingine hazikuweza kulifanya. Watu wa Dodoma waliita mitaa mipya kwa herufi zilizokuwa kwenye ramani za wapimaji, na Area A, Area C na Area D zimebaki majina ya kudumu.

Jambo la pili lilikuwa maji. Mji wa reli ulikuwa umeishi kwa mabwawa madogo kama Imagi, ambayo hayakuweza kuhimili mji mkuu. Tumaini lilikuwa chini ya ardhi, kaskazini ya mji, katika bonde la Makutupora. Maji ya mvua huzama katika bonde hilo na kujikusanya kwenye miamba iliyopasuka, na visima virefu vikichimbwa huyatoa kwa wingi. Visima vya Makutupora na mitambo ya Mzakwe ndivyo vilivyouwezesha mji kukua, na kwa miongo mingi vimekuwa chanzo kikuu cha maji yake. Ardhi inayokinga mvua ya kujaza bonde hilo ililazimika kulindwa dhidi ya makazi na mifugo, na ulinzi huo ni sehemu ya urithi wa mipango ya wakati ule.

Jambo la tatu lilikuwa miti na udongo. Mbuga zilizozunguka mji zilikuwa zimechoka kwa malisho na ukataji wa kuni, na upepo wa kiangazi ulijaza vumbi hadi ndani ya nyumba. Mwaka huo huo wa 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao huko Kondoa uliishia kuondoa mifugo yote katika maeneo yaliyomomonyoka vibaya. Ndani ya eneo la makao makuu, CDA ilianzisha vitalu vya miche na kupanda miti kwenye mitaa na vilimani. Ilianzisha pia kazi za kuzalisha vifaa vya ujenzi karibu na mji, ikiwemo matofali ya kuchoma huko Zuzu, ili kila kitu kisisafirishwe kwa reli kutoka pwani.

Gharama ya mipango hiyo kwa wenyeji haipaswi kufichwa. Mfugaji ambaye baba yake alichunga popote alikuta eneo limekuwa hifadhi au limepimwa viwanja. Kijiji kilichokuwa na tembe zake kiliangukia ndani ya ramani ya mji, na mwenye tembe akaambiwa ajenge kwa kiwango ambacho mfuko wake haukukifikia. Mkataba wa miaka 33 uliwatia watu hofu ya kuwekeza, na benki zikasita kuupokea kama dhamana. Malalamiko juu ya viwanja na ubomoaji yaliendelea kwa miongo, chini ya viongozi wengi waliofuata. Chombo kilichopewa ardhi yote kilikuwa na nguvu ya kupanga vizuri, na kwa nguvu hiyo hiyo kiliweza kumkosea mnyonge.

Miaka kumi iliyowekwa haikutosha. Uamuzi wa Oktoba 1973 ulitangazwa siku chache kabla ya vita vya Mashariki ya Kati vilivyopandisha bei ya mafuta duniani. Ukame wa 1973 hadi 1975 uliilazimisha nchi kutumia fedha za kigeni kununua chakula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, nyumbani kwao Kahama, na vita vilivyofuata vilimeza fedha ambazo zingejenga ofisi na barabara. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda tena. Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa Februari 1977, kiliweka makao makuu yake Dodoma, na Ofisi ya Waziri Mkuu ikahamia huko. Wizara nyingine zilibaki pwani. Malawi, iliyohamia Lilongwe mwaka 1975, na Nigeria, iliyoamua kuhamia Abuja mwaka 1976 na kukamilisha Desemba 1991, zilitangulia kufika.

Katika miaka ya 1980 Kahama alitoka CDA na kupelekwa kuwa balozi China, kisha Zimbabwe. Aliporudi, nchi ilikuwa imegeuza mwelekeo. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 1990 iliunda Kituo cha Uwekezaji, IPC, na mtu aliyesimamia viwanda vya taifa baada ya Azimio la Arusha akapewa kazi ya kuwakaribisha wawekezaji binafsi. Si viongozi wengi waliotumikia sera mbili zilizo mbali kiasi hicho kwa bidii ile ile. Mwaka 2000 alichaguliwa kuwa mbunge wa Karagwe, akateuliwa Waziri wa Ushirika na Masoko hadi 2005.

Katika wizara hiyo alirudi alikoanzia, na alikuta kazi kubwa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya 1982, lakini imani ya wakulima ilikuwa imepotea na vingi vilielemewa na madeni. Sheria mpya ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 2003, ikisisitiza kwamba chama ni mali ya wanachama wenyewe. Mzee aliyepima kahawa ya Bukoba miaka ya 1950 alikuwa anajaribu kurudisha kitu ambacho alikiona kikifanya kazi.

Sir George Kahama alifariki dunia tarehe 12 Machi 2017. Miezi minane kabla ya hapo, Julai 2016, Rais John Magufuli alikuwa ametangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia kuhamia mwezi Septemba. Tarehe 15 Mei 2017, Rais akaivunja CDA na kukabidhi kazi zake kwa Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma, kwa sababu vyombo viwili vilikuwa vikigongana katika mji mmoja na wananchi walikuwa wamechoshwa na migogoro ya ardhi. Mikataba ya miaka 33 ikabadilishwa kuwa hati za miaka 99. Mamlaka ilikoma miezi miwili baada ya mkurugenzi wake wa kwanza kuzikwa.

Kilichobaki ni ardhi na mpangilio wake. Dodoma ilitangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Mji wa Serikali ulijengwa Mtumba, mashariki ya mji, na awamu yake ya kwanza ikazinduliwa Aprili 2019. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, katika kijiji kile ambako Mwalimu alifyatua matofali. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ikifuata njia ya reli iliyofika mwaka 1910. Serikali iliweza kuhamia kwa haraka hivyo kwa sababu ilikuta mitaa iliyokwisha kupimwa, maeneo yaliyohifadhiwa na visima vilivyokwisha kuchimbwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, zaidi ya mara 30 ya wale waliokuwa mjini mwaka 1967. Maji mengi wanayokunywa bado yanatoka Makutupora.